Mdogo wangu amechaguliwa kozi tatu, mzee anataka kukata kihamba. Zimebaki siku nne

#1 KakaMkubwa_Sakina

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Sakina, Arusha, ila jambo lenyewe liko nyumbani Uru, juu ya Moshi mjini. Naomba mnisome hadi mwisho.

Mdogo wetu wa mwisho kamaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB. Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D. Ni divisheni wani ya pointi 9, na kwa hesabu ya udahili, ambako B ni 4, C ni 3 na D ni 2, inakuja 9 hiyo hiyo. Amesoma shule za serikali mwanzo mwisho. Matokeo yalipotoka Julai alikuwa bado kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kwa hiyo maombi ya vyuo nilimjazia mimi. Tuliongea Jumapili moja, dakika chache, akanitajia anazotaka, nyingine nikaongeza mwenyewe. Sasa karudi na majibu yametoka. Amechaguliwa zaidi ya chuo kimoja, na utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni kuthibitisha kimoja tu ndani ya siku zilizotangazwa. Zimebaki nne.

Ya kwanza ni udaktari wa binadamu, MD, chuo cha binafsi. Miaka mitano darasani, halafu mwaka mzima wa mafunzo ya kazi hospitalini. Ada kwenye barua ni milioni tano na laki nne kwa mwaka, hapo hajala wala hajalala. Ya pili ni udaktari wa mifugo, SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, miaka mitano pia, lakini ni chuo cha serikali na ada ni milioni moja na kitu. Ya tatu ni ualimu wa sayansi DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu, Dar, miaka mitatu.

Mama anamwita daktari tangu siku barua zilipofika. Mzee hajasema mengi. Alichofanya ni kwenda kumwona mtu wa mjini ambaye siku zote alikuwa anaulizia kipande chetu cha chini, upande wa barabara. Kaambiwa milioni 12.

Kwa wasiojua desturi zetu Wachagga, kihamba si shamba tu, ni ardhi ya ukoo tunayorithishana. Babu amelala pale, chini ya migomba. Kahawa iliyotusomesha sisi wote imetoka pale. Mtu akiuza kihamba, ukoo unauliza alikumbwa na nini.

Na mimi nina sababu yangu ya kuogopa. Mwaka 2011 nilienda chuo bila mkopo, fomu yangu ilikuwa na kasoro ya sahihi. Mzee akauza kahawa na ng'ombe wawili, mwaka wa kwanza ukalipwa wote. Mwaka wa pili, asubuhi ya mtihani, nilizuiwa mlangoni kwa sababu ya ada. Nilisimama pale na kalamu mkononi nikiwaangalia wenzangu wanaingia. Nikaahirisha mwaka, nikaja Arusha kubeba mizigo soko la Kilombero. Kozi ya miaka mitatu nilimaliza kwa mitano.

Kwa hiyo nimefanya hesabu. Milioni 12 kwa ada ya milioni 5.4 ni miaka miwili na kidogo. Kihamba kinaisha mwaka wa tatu. Udaktari unaisha mwaka wa tano.

Nawaomba wenye uzoefu, hasa waliosoma mifugo na wanaojua mkopo unavyokwenda kwa chuo cha binafsi. Nawasilisha.

#2 mzee_wa_Kiboriloni

Kijana, pole na mzigo. Mimi nasema muache mzee auze.

Sisi ni watu wa Old Moshi. Baba yetu alikata kipande ili kaka yangu asome, na ukoo ulimsema mpaka msibani. Leo kaka ni daktari, na yeye ndiye aliyejenga nyumba iliyopo nyumbani na kununua eneo jingine kubwa kuliko lile. Ardhi inarudi. Nafasi ya MD ikipita kwa mtoto wa PCB hairudi kirahisi, na hao wanaokushauri usiuze hawatakuwepo siku atakapokuwa na miaka arobaini na kujutia.

Na wewe usimwekee mtoto woga wako. Yaliyokukuta ni yako.

#3 karani_wa_fomu

Mkuu, nimejaza na kukagua fomu za mikopo za watu wengi hapa Moshi, ngoja nikueleze palipo na uzito.

Kwanza, ujue mpangilio wenyewe: unathibitisha chuo kabla ya kujua mkopo. Majina ya awamu ya kwanza ya HESLB, Bodi ya Mikopo, hutoka baada ya watu kushachagua. Kwa hiyo usichague ukiwa unahesabu hela ambayo haijatangazwa. Piga hesabu kana kwamba mkopo haupo, ukija utakuwa nafuu.

Pili, mkopo hupangwa kwa uhitaji na una vifungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, mahitaji maalumu ya kitivo. Chakula na malazi kiwango kilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwenye ada, Bodi ina kikomo chake. Chuo cha binafsi kinachotoza zaidi ya kikomo, kinachozidi ni cha mzazi. Hapo ndipo wengi wanaangukia. Wanaona jina kwenye orodha, wanashangilia, halafu Novemba wanagundua bado wanadaiwa mamilioni.

Tatu, kasoro zinazowaangusha watu ni ndogo ndogo. Cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Jina la cheti halifanani na la NECTA, Baraza la Mitihani. Ukurasa wa serikali ya mtaa una muhuri lakini hauna sahihi, au umepita kwa mwenyekiti ukasahaulika kwa wakili. Kama fomu ya mdogo wako ilishatumwa, ingia kwenye akaunti yake leo usiku uone kama kuna kitu kimerudishwa akirekebishe. Na kukiwa na shida, baadaye kuna dirisha la rufaa.

Nne, mkopo ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi liishe.

#4 Mama_wa_Rau

Mwanangu, namba ya kuthibitisha imekwenda kwenye simu ya nani? Uliza hilo kwanza. Mimi binti yangu tulimjazia kwa kijana wa stesheneri, akaweka namba yake ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Siku ya kuthibitisha, ujumbe umekwenda kwake na yeye kasafiri. Nilikaa kwenye ngazi za duka lake siku mbili.

Na kuhusu udaktari, njia si moja. Binti yangu huyo alisoma diploma ya utabibu, miaka mitatu, akafanya kazi kwenye kituo cha afya, sasa ndiyo anaomba MD kwa cheti hicho, akiwa na akiba yake. Amechelewa ndiyo, lakini hakuna aliyeuza kitu.

#5 KakaMkubwa_Sakina

Mama, asante sana. Namba ipo kwenye simu yangu, nilitumia laini yangu.

@karani_wa_fomu nimeingia sasa hivi. Fomu imepokelewa, haina kasoro iliyoandikwa. Umenipa usingizi wa leo. Hilo la kikomo cha ada sikulijua, na mzee halijui kabisa, anaamini mkopo ukija unabeba vyote.

Mzee wa Kiboriloni, shikamoo. Sikatai ulichosema. Naomba nikuulize kwa heshima: kipande alichokata baba yenu kilifika mwaka wa mwisho, au kuna mtu aliongezea?

#6 mzee_wa_Kiboriloni

Marahaba. Dada yetu mkubwa alikuwa ameajiriwa benki. Yeye ndiye aliyemalizia. Sikuwa nimeliwaza hivyo.

#7 mganga_wa_ngombe

Mkuu, mimi ni daktari wa mifugo, nipo Arusha. Nimeona watu wanazungumzia kozi hii kama ya aliyekosa MD. Naomba niieleze kwa sababu naipenda.

Miaka miwili ya mwanzo utadhani unasoma udaktari wa binadamu. Anatomia, fiziolojia, bayokemia, kisha vimelea na bakteria. Tofauti ni kwamba mwenzako wa MD anasoma mwili mmoja, wewe unasoma ng'ombe, mbuzi, farasi, mbwa, nguruwe na kuku. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, farasi kimoja, na dawa inayomponya huyu inaweza kumuua yule. Ni kozi ngumu na watu wanadisko, yaani wanaondolewa chuo kwa kufeli. Asiende kule akidhani ni mteremko.

Ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Veterinari, ndipo unaruhusiwa kutibu kwa jina lako. Ajira za serikali zinakuja kwa vipindi, kuna wenzangu walisubiri muda mrefu, sitakuficha. Ila angalia mazingira ya huku kwetu. Uru, Kibosho, Machame, Marangu, kila nyumba ina ng'ombe wa maziwa wawili watatu bandani, kwa sababu ardhi haitoshi kuchunga. Ng'ombe mmoja wa kisasa ni mtaji wa familia, na akishikwa na ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, hana siku nyingi. Ukitelemka ni umasaini, mifugo hadi upeo wa macho. Kituo cha taifa cha uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu za chupa, kipo Usa River. TAWIRI, watafiti wa wanyamapori, wapo Njiro, TANAPA wa hifadhi za taifa makao makuu yapo hapa hapa Arusha, na wote wanahitaji watu wa magonjwa ya wanyama. Mimi nilianza na begi moja na pikipiki ya kuazima nikizunguka Tengeru, leo nina duka la pembejeo na vijana wawili.

Na ujue kwamba kutibu wanyama ni kutibu watu. Kimeta, kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa, vyote vinaanzia kwa mnyama. Nimewahi kufika kwenye boma wakati ng'ombe aliyekufa kwa kimeta anachunwa nyama igawanywe. Nikazuia. Siku ile sikuandika cheti chochote, lakini najua kazi niliyoifanya.

Swali moja: kati ya hizo kozi tatu, aliyoitaja yeye kwa mdomo wake Jumapili ile ni ipi?

#8 mwalimu_Tengeru

Mimi niongeze la ualimu maana limepitwa. Shule zetu zina uhaba wa walimu wa sayansi, kila mkuu wa shule atakwambia. Miaka mitatu, gharama ndogo, na wakati anasubiri ajira ya serikali shule binafsi za Moshi na Arusha zinachukua walimu wa Kemia. Lakini kama hapendi kufundisha msimpeleke. Nimeshakaa ofisi moja na mwalimu aliyelazimishwa, na wanaoumia ni watoto wa watu.

#9 jirani_wa_Mweka

Kwa nini hamkuomba Mweka? Chuo cha wanyamapori kipo hapo hapo juu ya Moshi tangu 1963, angekuwa anakula nyumbani.

#10 KakaMkubwa_Sakina

@jirani_wa_Mweka sikuliwaza kwa wakati, na sasa tuna zilizopo tu.

@mganga_wa_ngombe dokta, swali lako limenikalisha. Nimejaribu kukumbuka ile simu na sina uhakika. Kesho nakwenda nyumbani, nitamuuliza yeye mwenyewe mbele ya wazazi. Nitarudi na majibu.

#11 KakaMkubwa_Sakina

Wakuu, nimerudi kutoka Uru. Samahani kwa urefu, najua kuna watu wanafuatilia na kuna familia zipo njia panda kama sisi.

Nilifika saa tisa, mvua inanyesha, tukakaa jikoni kwa mama. Sikutaka mabishano, nilinunua daftari la kurasa mia stendi ya Moshi. Nikachora kila kozi ukurasa wake. Mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, ada, chakula, chumba, nauli, na pembeni safu moja nimeandika NANI ANALIPA. Hayo maneno nilitamani mtu angeniandikia mimi mwaka 2011.

Ukurasa wa MD, mwaka wa kwanza mzee akasema andika kihamba. Wa pili, kihamba. Wa tatu nikasubiri. Hakuna aliyesema kitu. Mdogo wangu akachukua kalamu, akaandika "kaka". Akakaa nayo kidogo, halafu akalikata lile neno kwa mstari, kwa sababu anajua nina wawili shule na mmoja anaanza Januari. Nyumba nzima tulinyamaza kwa lile neno lililokatwa.

Nikamuuliza kuhusu Jumapili ile. Akasema, "Nilikutajia SUA na ualimu. MD uliiongeza wewe, ukasema matokeo yakiwa mazuri tusijidharau."

Nilikumbuka pale pale. Ni kweli. Mimi ndiye niliyeiweka, kisha nikakaa Sakina nikilalamika kwamba mzee anataka kuuza ardhi. Nimewaomba radhi wote watatu, mama kwa namna ya pekee, maana nilimpa tumaini bila kulifanyia hesabu.

Nikamuuliza kwa nini SUA. Akanikumbusha ng'ombe wetu yule mwekundu aliyeshindwa kuzaa wakati yeye yuko darasa la sita. Ndama alikaa vibaya. Daktari alitoka Moshi usiku kwa miguu kuanzia pale gari lilipokwama, na aliyemshikia tochi hadi alfajiri ni yeye, mimi nilikuwa Arusha. Anasema aliona mkono wa yule daktari ukigeuza ndama kwa ndani, na tangu siku ile alijua kwamba kazi hiyo inafundishwa mahali fulani. Hakuwahi kutuambia kwa sababu hakuna aliyemuuliza, kila mtu alikuwa anamwita daktari na yeye akawa anaitikia.

Mzee ndiye aliyebaki. Alitoka nje, nikamfuata kwenye mgomba. Nilidhani anaona aibu kwamba biashara ya ardhi imevunjika. Akaniambia, "Wewe nilikuacha mlangoni. Huyu nilisema simwachi." Miaka yote hii hajawahi kuitaja siku ile, nami nilidhani alishaisahau. Kumbe kihamba alikuwa anauza kwa ajili yangu.

Nilimwambia ng'ombe wake wawili walinivusha mwaka wa kwanza na bila ule nisingekuwa na cheti leo. Sina zaidi ya kueleza hapo.

Tuliporudi ndani akauliza, hicho chuo cha Morogoro ndicho cha Sokoine? Nikamwambia ndicho, kilipewa jina lake mwaka ule ule wa 1984 alipofariki kwa ajali huko huko Morogoro. Mzee anamheshimu sana yule mtu wa Monduli. Akasema basi sawa, aende. Saa nne kasoro usiku tukaingiza namba ya uthibitisho, tukasubiri mtandao, ikakubali.

Mpango wa ukurasa wa SUA uko hivi. Ada mimi na dada yetu wa Himo nusu kwa nusu. Chumba na chakula mwaka wa kwanza mzee atatoa kwenye kahawa na maziwa. Mkopo ukitoka, hela zetu zinabaki akiba ya mwaka wa pili, hazirudi mifukoni. Safu ya pembeni imejaa hadi mwaka wa tano. Daftari limebaki kwa mama.

Mama alilala bila kusema chochote. Asubuhi nikamsikia uani, "Daktari, amka ukakamue."

#12 mzee_wa_Kiboriloni

Nimesoma mara mbili. Nilikuambia usimwekee mtoto woga wako, naliondoa neno hilo. Msalimie baba yako, mwambie mzee mwenzake wa Kiboriloni anamwombea.

#13 mganga_wa_ngombe

Akiwa mwaka wa tatu na kuendelea, likizo aje kwangu Tengeru. Nitamfundisha ya bandani, na hela ya nauli haitakosa. Nitumie ujumbe faraghani.

#14 binti_Morogoro

Hongereni familia. Mimi natokea Kibosho, nipo SUA mwaka wa tatu, kozi nyingine lakini kampasi hiyo hiyo. Kaka, mwambie aombe chumba cha bweni mapema kwenye mfumo wa chuo, waliochelewa wanapanga nje na ni gharama zaidi. Asibebe godoro kutoka Moshi, atalipia kama mzigo, yanapatikana mjini. Alete gambuti na koti jeupe kama anayo. Na joto la huku si la Uru, mablanketi yanaweza kubaki nyumbani.

#15 KakaMkubwa_Sakina

Asante sana mdogo wangu. Basi la kutoka Moshi asubuhi linafika Msamvu, stendi ya Morogoro, saa ngapi? Anasafiri peke yake, na mama anataka kujua kama kutakuwa bado na mwanga.

#16 binti_Morogoro

Likiondoka mapema na njia ikiwa nzuri, jua litakuwa bado lipo. Nipe namba ya gari siku hiyo, nitamsubiri pale Msamvu.

#17 KakaMkubwa_Sakina

Nitakutumia.